Kitu kikiwa sehemu mbili kwa mpigo, graviti yake inavuta kutokea wapi? Swali la binti wa form three (uzi mrefu, vumilieni)

Ticha_Igoma

Mwangaluka wakuu.

Nafundisha fizikia sekondari moja huku Mwanza. Mwezi uliopita nilikuwa namalizia kipindi nikawagusia watoto habari za kwantamu (fizikia ya vitu vidogo mno), haipo hata kwenye silabasi yao ila nilibakiwa na dakika kumi, nikawaambia elektroni moja inaweza kupita njia mbili kwa mpigo. Binti mmoja anakaa nyuma, mtaratibu sana, akanyoosha mkono akasema "sa ticha, kama iko huku na iko kule, uzito wake uko wapi? Inavuta vitu kutokea wapi?" Kengele ikagonga. Nikamwambia tutaongea kesho, nikatoka.

Ukweli sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma, na kadri nilivyosoma nikagundua yule mtoto kagusa palepale ambapo wanafizikia wakubwa wamekwama. Mwaka 1957 kwenye mkutano pale Chapel Hill, Marekani, Richard Feynman aliwauliza wenzake karibu kitu kilekile, kwamba tukichukua kijiwe tukakiweka kwenye hali ya kuwa sehemu mbili, graviti yake nayo itakuwa mbili? Mpaka leo hakuna aliyepima akaona jibu. Ila miaka ya karibuni mambo yamebadilika, sasa hivi watu wanatengeneza vifaa vya kulijibu mezani, maabara, sio ubaoni tu, na hicho ndo nataka tuelewe hapa, maana kwenye magrupu zinazunguka habari za "wanasayansi wamepata nadharia ya kila kitu" ukizifungua hamna unachotoka nacho.

Tuanze na graviti. Newton 1687 alisema vitu vinavutana, akatoa na hesabu yake, ila hakusema vinavutanaje. Einstein 1915 akaja na kingine kabisa, kwamba kitu chenye uzito kinapinda nafasi na muda pale kilipo, na kile tunachoita kuanguka ni kufuata huo mpindo. Na muda kupindwa sio maneno ya kufurahisha watu. Saa ikiwa juu ya kilima cha Bugando inakimbia zaidi kidogo kuliko saa iliyoko chini mwaloni Kirumba. Tofauti ni ndogo mno ila ipo, mwaka 2022 kule Colorado waliripoti kwenye jarida la Nature kwamba wameipima hata kwa kupishana kimo cha milimita 1. Milimita moja wakuu!

Upande wa pili kuna kwantamu, sheria za vitu vidogo, ilianza na Planck 1900 ikakamilika miaka ya 1925 na 1926 na kina Heisenberg na Schrödinger. Kuielewa hii nendeni jioni kwenye mawe ya ziwani wakati kuna upepo kidogo. Simama mahali ambapo wimbi linapita kwenye mianya miwili kati ya mawe. Ukiangalia nyuma ya mawe utaona yale mawimbi mawili yanakutana, kuna mistari maji yanaruka juu sana na kuna mistari maji yametulia kabisa kama hayajaguswa, sababu wimbi la huku limeliua la kule. Sasa elektroni ukizirusha moja moja kwenye mianya miwili, kila moja inagonga ukutani kama kidoti kimoja tu, lakini ukisubiri vidoti vikawa vingi vinajipanga kwa mistari ileile ya ziwani. Moja moja! Hakuna nyingine ya kugongana nayo. Kwa hiyo kwa namna fulani kila elektroni imepitia mianya yote miwili.

Hesabu ya Einstein upande mmoja inasema nafasi imepindwaje, upande wa pili inasema kitu kiko wapi na kina uzito gani. Inahitaji jibu moja, kiko wapi. Kwantamu inasema hakina sehemu moja. Hapo ndipo zinapogongana, na ndo swali la yule binti.

Nahodha_wa_Ukerewe

Ticha shukrani sana kwa uzi. Mimi ni mtu wa ziwani, hapo kwenye saa umenigusa maana niliwahi kusikia GPS nayo ina hayo mambo. Sisi jioni tukitega nyavu za sangara tunaweka pointi kwenye GPS, alfajiri tunazifuata hata kama kuna ukungu. Ni kweli inahusiana na Einstein au watu wanapamba tu?

Ticha_Igoma

Nahodha ni kweli kabisa. Setilaiti za GPS ziko juu kilomita 20,200 hivi, huko graviti ni ndogo kwa hiyo saa zake zinakimbia, halafu kasi yake nayo inazichelewesha kidogo, ukijumlisha yote zinatangulia saa za ardhini kwa maikrosekunde 38 kila siku. Inaonekana si kitu, lakini GPS inapima umbali kwa kuangalia redio imesafiri muda gani, na redio inakwenda kama mwanga, kwa hiyo wasingerekebisha lile kosa lingekua kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku moja. Nyavu umetega Ukerewe wewe unazitafuta ng'ambo nyingine kabisa. Kila alfajiri ukizikuta nyavu zako hesabu ya Einstein imefanya kazi.

MamaDagaa_Igombe

Mimi nauliza kwa nia njema tu. Kama Einstein yuko sawa kwenye vitu vikubwa na hao wa kwantamu wako sawa kwenye vidogo, kwa nini wasiache kila mmoja abaki kwake? Wanangu wako shule, wakiniuliza nataka niwajibu kitu cha maana.

Ticha_Igoma

Mama swali zuri. Kwa miaka mingi wameishi hivyohivyo na kazi zimeenda. Shida ni pale kitu kikiwa kizito sana na kidogo sana kwa pamoja, huwezi kuchagua tena utumie ya nani. Ndani kabisa ya shimo jeusi, au mwanzo kabisa wa ulimwengu. Hawking 1974 alionyesha shimo jeusi linatoa joto dogo na polepole linapungua, sasa likiisha kabisa zile habari za vitu vilivyotumbukia zimeenda wapi? Kwantamu inakataa habari kupotea, hesabu ya Hawking inasema zimepotea. Hapo lazima moja ikubali kurekebishwa.

Halafu kuna ukubwa unaoitwa urefu wa Planck. Andika sifuri, nukta, halafu sifuri 34, ndo uanze kuandika 16, hizo ni mita. Protoni yenyewe ukiilinganisha na huo urefu ni kubwa mara bilioni mia moja ukizidisha mara bilioni moja tena. Chini ya hapo inawezekana neno "umbali" lenyewe halina maana. Mtu wa kwanza kuliona hili kwa hesabu alikuwa kijana wa Kisovieti anaitwa Matvei Bronstein, mwaka 1936 aliandika kwamba ukitaka kupima graviti kwenye kasehemu kadogo mno inabidi urundike uzito mwingi hapohapo na huo uzito unaharibu kipimo. Mwaka uliofuata utawala wa Stalin ukamkamata, Februari 1938 wakampiga risasi, ana miaka 31. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Msomi_Nyegezi

Mkuu na zile nadharia tunazosikia za kuunganisha Einstein na kwantamu, nyuzi na vitanzi, zimeishia wapi?

Ticha_Igoma

Zipo, na watu wenye akili nyingi wanazifanyia kazi. Ya nyuzi inasema chembe zote ni vijiuzi vinavyotetema, inahitaji nafasi na muda viwe na pande 10 badala ya 4 tunazozijua. Ya vitanzi, ya kina Ashtekar, Rovelli na Smolin, inasema nafasi yenyewe imesukwa kwa vipande vidogo. Angalia ziwa ukiwa Capri Point, asubuhi isiyo na upepo ni kioo, laini mwanzo mwisho, unasema hiki ni kitu kimoja kisicho na vipande. Chota kiganjani ni molekuli tupu, hakuna hata moja iliyo "laini" wala yenye "wimbi". Vitanzi vinasema nafasi nayo iko hivyo.

Shida ya zote mbili ni kuzipima. Mashine kubwa ya kugonganisha chembe iliyopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa ina mzunguko wa kilomita 27, na bado nguvu yake ni ndogo kwa karibu mara trilioni elfu moja kufikia hapo kwa Planck. Wapo waliojaribu kutumia mbingu, mwaka 2009 ulionekana mlipuko wa miali ya gama ambao mwanga wake umesafiri miaka zaidi ya bilioni 7 kutufikia, wakaangalia kama fotoni (chembe za mwanga) zenye nguvu zaidi zimechelewa kwa kukwaruza kwenye hivyo vipande vya nafasi. Ile kali kuliko zote ilifika ndani ya sekunde 1 tangu mlipuko uanze. Baadhi ya mawazo yalifia hapo.

Kwa hiyo ndo maana mimi navutiwa na njia ya tatu, ambayo haikimbilii kule kwa Planck, inarudi kwa binti yangu wa form three. Tusitafute vipande vya nafasi. Tuulize tu: graviti ya kitu kilicho sehemu mbili ikoje?

Mwaka 2017 makundi mawili, moja la Sougato Bose na wenzake, lingine la Chiara Marletto na Vlatko Vedral, walichapisha wazo lilelile kwa wakati mmoja. Unachukua vipunje viwili vya almasi, kila kimoja upana wake kama maikromita 2 hivi (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), huoni kwa macho. Ndio, almasi, jiwe lilelile linalochimbwa hapa jirani Mwadui, maana ndani ya almasi unaweza kupandikiza kasoro ya naitrojeni inayofanya kazi kama kisumaku cha kwantamu cha kukishikia hicho kipunje. Unaviachia vianguke kwenye ombwe (pasipo na hewa), na kwa sumaku kila kimoja unakiweka kwenye hali ya kuwa sehemu mbili zilizoachana kama robo milimita. Sekunde 2 na nusu hivi. Halafu unavirudisha unavipima vyote viwili. Hapo katikati hakuna kilichovigusa isipokuwa graviti yao wenyewe. Ukikuta vimefungamana kwa ule mfungamano wa kwantamu, yaani majibu ya kupima kimoja yanaendana na ya kingine, basi graviti ndo imevifunga.

Msomi_Nyegezi

Mfungamano ndo ule wa ndala? Kwamba ndala moja umeituma Bukoba nyingine Musoma, aliyefungua Bukoba akikuta ya kushoto anajua ya Musoma ni ya kulia?

Ticha_Igoma

Mfano wa ndala unafika nusu njia. Ndala ya kushoto ilikuwa ya kushoto tangu inafungwa kwenye boksi, aliyefungua kajua tu kilichokuwepo. John Bell 1964 alionyesha namna ya kupima kama chembe nazo ziko hivyo, na vipimo vikafanyika, na zinafanana kupita kiasi ambacho ndala zozote zilizofungwa mapema zinaweza kufanana. Clauser, Aspect na Zeilinger wakapewa Nobel 2022 kwa kazi hiyo.

Sasa kwa nini mfungamano uwe ushahidi? Chukulia watu wawili, mmoja Ukerewe mmoja Ukara, wanawasiliana kwa barua za mtumbwi tu. Wanaweza kupanga mengi, kujibizana, kufananisha majibu yao wapendavyo. Lakini kama hawakuwa na chembe zilizofungamana tangu mwanzo, barua za kawaida haziwezi kuzifunga hata ziandikwe milioni. Hiyo ni hesabu imethibitishwa. Kwa hiyo kama graviti ni mpeleka barua wa kawaida, anayebeba neno moja tu "kiko huku" au "kiko kule", zile almasi hazitafungamana. Zikifungamana, huyo mpeleka habari mwenyewe alibeba "huku" na "kule" kwa pamoja. Nilipolielewa hili nilikaa kimya kama dakika tano.

FundiUmeme_Buhongwa

Ticha hapo kwenye utekelezaji naona kazi. Graviti ya kipunje cha maikromita utaipima na nini? Mimi hata kupima uvujaji wa umeme mdogo napata shida.

Ticha_Igoma

Fundi umeshika penyewe. Graviti ni dhaifu mno, darasani niliwaonyesha kwa sumaku ya spika mbovu ya redio. Niliweka msumari wa inchi 2 mezani, nikashusha sumaku taratibu, ilipobaki kama upana wa kidole msumari ukaruka ukagonga "tak". Nikawauliza, dunia nzima na milima yake ilikuwa inauvuta huo msumari chini, imeshindwa na nini? Na kibao cha sumaku cha spika.

Waliofika mbali ni hawa. Vienna mwaka 2021 walitoa kwenye Nature kipimo cha graviti kati ya vitufe viwili vya dhahabu, kila kimoja miligramu 90 hivi, ni kama punje nne za mchele. Data yao nzuri waliipata usiku wakati wa sikukuu za Krismasi, sababu mji umetulia, magari na treni hazitikisi ardhi. Mwaka 2024 Southampton wakapima graviti kwenye kichembe cha sumaku cha miligramu 0.43 kilichokuwa kinaelea ndani ya mtego wa metali inayopitisha umeme bila ukinzani kwenye baridi kali karibu na sifuri kamili. Hao wanashuka kutoka juu. Wengine wanapanda kutoka chini, Vienna hukohuko 2019 waliiweka molekuli yenye atomu karibu 2,000 kwenye njia mbili kwa mpigo. Kutoka molekuli ile kwenda kipunje cha almasi uzito unaongezeka zaidi ya mara milioni 200. Pengo lilikuwa hilo na bado ni kubwa, mtu asiwadanganye kwamba ni kesho. Lakini kuna watu wanalipunguza mwaka hadi mwaka, na hiyo ni tofauti kubwa na kusubiri mashine ya ukubwa wa galaksi.

Mchimbaji_Geita

Na ikigundulika graviti si ya kwantamu?

Ticha_Igoma

Basi kwantamu itabidi ibadilike, na wapo wanaoamini hivyo. Roger Penrose kwa muda mrefu anasema graviti ndo inayofanya kitu kizito kishindwe kukaa sehemu mbili, kinachagua kimoja haraka. Mfano rahisi kabisa wa wazo hilo wa Lajos Diósi ulipimwa chini ya mlima wa Gran Sasso kule Italia na haukupita, ila wazo lenyewe bado. Jonathan Oppenheim wa London, Desemba 2023, alitoa nadharia kwamba graviti ni ya kawaida lakini ina mtikisiko wa nasibu ndani yake, maana yake uzito wa kitu ukipimwa kwa usahihi wa hali ya juu utakuwa unachezacheza kidogo. Hiyo inaweza kupimwa! Na ameweka dau na Carlo Rovelli na Geoff Penington, wanaosema graviti ni ya kwantamu, kwa uwiano wa 5,000 kwa 1 dhidi yake. Namheshimu sana kwa hilo, ametoa kitu ambacho kinaweza kumkataa.

Na Oktoba 2025 kwenye Nature wakatoka Aziz na Howl wakasema hata graviti ya kawaida inaweza kuleta mfungamano ukihesabu kikamilifu jinsi maada yenyewe ilivyo ya kwantamu, wengine wakawapinga. Mimi naona bado ule ushahidi wa almasi una uzito, kwa sababu mfungamano wanaousema wao unabadilika kwa namna tofauti ukibadilisha uzito na umbali, kwa hiyo kipimo kizuri kinaweza kuzitenganisha. Lakini haujafungwa huo mjadala.

Mchimbaji na wewe hii ikufikie, vifaa vinavyozaliwa njiani vina kazi. Birmingham mwaka 2022 walitumia atomu zinazoanguka njia mbili kwa mpigo wakaliona handaki lililofukiwa ardhini bila kuchimba. Fikiria kuona pango au mwamba mzito kabla hujashusha mtu shimoni.

Mchimbaji_Geita

Hiyo ije hata kesho. Mwaka jana tulipoteza jamaa kwenye duara (shimo la kuchimbia) lililokuwa na uwazi chini hakuna aliyejua.

Ticha_Igoma

Pole sana ndugu yangu. Pole kwa familia yake.

MamaDagaa_Igombe

Pole sana. Ticha yule binti ulimjibu?

Ticha_Igoma

Nilimwita juzi baada ya vipindi, tukakaa kwenye benchi nje ya maabara nikamwambia swali lako halina jibu duniani bado, nikamweleza yote haya, almasi, Ukerewe na Ukara, vyote. Alisikiliza akaandika. Akaniuliza "watajuaje ni graviti imevifunga na sio umeme? Si umesema umeme una nguvu zaidi?"

Hilo nalo ni palepale wanapohangaika. Inabidi kila kipunje kisibaki na chaji hata ya elektroni moja ya ziada. Na hata bila chaji, vitu vikikaribiana sana kuna mvuto mdogo wa kiumeme unaitwa wa Casimir, ndo maana wanavitenganisha karibu maikromita 200, kwa umbali huo ule mvuto unashuka chini ya graviti. Wengine wanapendekeza kuweka kikaratasi chembamba cha metali katikati, kinazuia umeme lakini graviti inapita. Nikamwambia hivyo. Akachora vipunje viwili na ule ukuta katikati, halafu akaniuliza ukuta nao si una uzito.

Naendelea kusoma hapo kwenye ukuta, nikipata nitarudi.